Safari ya Mlimani na Mume Asiyejua Kukataa

Tangu turudi, kila mteja anayeingia dukani kwangu hapa Bukoto haulizi kwanza bei ya pazia, anauliza miguu yangu inaendeleaje. Aliyesambaza habari kwamba nilishuka mlima kwa makalio simjui, ingawa namshuku mwanangu Debora. Nimechoka kusimulia kipande kipande huku nimeng'ata pini mdomoni. Basi haya hapa yote, na mkishasoma tafadhali niacheni nishone.

Kwa asiyenijua, mimi ni Nekesa, Mbukusu wa Bungoma, niliyevuka mpaka kuja Kampala kutafuta maisha nikapata mapazia na mume. Mume ni Bwambale, Mkonzo wa milima ya Rwenzori, fundi wa jenereta. Watoto ni Debora wa miaka tisa na Tina wa miaka minne. Wengi wenu mmewahi kuniuliza juu ya pengo lililo kati yao, nami nimekuwa nikijibu "uzazi wa mpango" na kuendelea kupima kitambaa.

Mama mkwe wangu hashuki mlimani. Jicho lake la kushoto lilishaingia giza, na la kulia likaanza kulifuata. Akampigia mwanawe simu: nileteeni watoto niwaone sura, kabla sijaanza kuwapapasa. Tina alikuwa hajamwona hata siku moja. Kila mwaka Bwambale alikuwa akimwitikia mama yake ndiyo, na kila mwaka mimi nilikuwa na sababu: duka, barabara, baridi, kifua cha Tina. Safari hii sababu ziliniishia, kwa maana jicho halingoji Krismasi.

Bukoto: tunatoka, hatutoki

Tulipanga kuondoka alfajiri ili tupite Busega kabla magari hayajafungana. Nilipika chapati, nikachemsha mayai, nikawavalisha watoto sweta wangali usingizini. Nikafungua mlango wa nyuma wa gari nikakuta hakuna pa kuweka chapati.

Hapa lazima niwaeleze ugonjwa wa mume wangu. Bwambale hajui kusema hapana. Ukimwomba akushikie mzigo kidogo, utarudi jioni umkute bado ameushika. Alikuwa amewaambia wenzake wa karakana kwamba anakwenda nyumbani, na hapa Kampala neno hilo likishatoka mdomoni, gari si lako tena. Mle ndani mlikuwa na sufuria kubwa la harusi ya mtu, mabati ya choo cha mtu, na begi la nguo za mtoto wa mtu aliye shule ya bweni. Juu ya paa, binamu yake alikuwa anafunga godoro kwa kamba ya katani.

"Ni la mamangu, shemeji," akaniambia bila kugeuka. "Anakaa jirani kabisa na kwa Mama. Hapo tu."

Nilimtazama Bwambale. Akasema, "Ameomba."

Nikameza. Ndipo akatokea Afande. Huyu ni jirani yetu wa ghorofa ya chini, sajini mstaafu kutoka Gulu, mzee mrefu anayepiga viatu rangi hata kama anakwenda kutupa takataka. Alikuwa na mkoba mdogo na fimbo.

"Mama Debora, mimi nakwenda na nyinyi mpaka Fort Portal," akasema. "Binti yangu iko pale. Mimi takaa mbele, goti yangu hapana kunja."

"Na yeye ameomba?" nikamuuliza mume wangu.

"Jana," akasema.

Kwa hiyo mimi, mwenye mume na mwenye chapati, nilikwenda kukaa nyuma katikati ya watoto, sufuria la harusi mapajani. Tulipofika Busega jua lilikuwa juu, na magari yamefungana vile vile nilivyosema yatafungana. Bwambale alikuwa anapiga mluzi.

Njia ya Mubende: amri za Afande

Mara baada ya Mityana Tina alitapika. Alitapika ndani ya sufuria la harusi, na nakiri kwamba sikuhuzunika sana. Angalau lilikuwa limepata kazi.

Afande aliamuru gari lisimame. Akawashusha wasichana wangu, akawapanga kando ya barabara, akawatembeza kushoto, kulia, kushoto, kulia, mpaka kwenye mti na kurudi. "Mtoto akikaa muda murefu, damu inalala," akanieleza. Wasichana walifurahi kupita kiasi. Kuanzia hapo, kila baada ya kilima sauti ndogo ilisema "Afande, damu yangu imelala," na gari likasimama, maana aliyeshika usukani ni mtu asiyejua kukataa. Nilihesabu ng'ombe waliotupita.

Kwenye kizuizi cha polisi, kijana mmoja aliyevaa sare alitaka kujua godoro lile ni la nani. Kabla hatujajibu akamwona Afande, akakakamaa, akapiga saluti. Kumbe baba yake na Afande walikaa kambi moja. Wakaanza kuulizana habari za watu wote wa kambi ile, walio hai na waliotangulia, na kila aliyetangulia akapewa dakika zake za kusikitikiwa. Mayai yakaisha, chapati zikaisha. Debora akaniuliza kama Nyanya bado atakuwa anaona tukifika.

"Muulize baba yako," nikamwambia.

Tuliporudi barabarani, Afande aligeuka akatutazama nyuma. "Mama Debora, watoto ngapi wewe iko nayo?"

"Wawili, Afande. Ndio hawa."

"Mbili tu?" Akapima kwa macho kichwa cha Debora, kisha cha Tina, kama anayekagua paredi. "Hapa katikati iko nafasi ya mtu moja."

"Ni uzazi wa mpango," nikasema.

Bwambale aliongeza sauti ya redio. Ilikuwa matangazo ya mbolea.

Mubende tulinunua gonja, zile ndizi za kuchoma ambazo bila hizo hakuna safari ya magharibi. Muuzaji alikuwa mama mnene mwenye aproni ya buluu na meno ya mbele yaliyoachana. Alileta karai lake mpaka dirishani kwangu.

"Kalibu nyabo, gonja bado moto. Baana bameka?" Ni wangapi watoto, ndivyo alivyouliza, maana ana desturi ya kumwongezea kila mtoto kipande kimoja cha bure.

"Wawili," nikasema, mara ya pili kwa siku moja.

Akatoa nyongeza mbili. Mkono mrefu ukatoka kiti cha mbele ukachukua moja. Afande aliitafuna polepole akiangalia vilima, akasema gonja ya Mubende ni nzuri kwa goti. Tina alilia mpaka Kyegegwa.

Mubende hadi Fort Portal: mvua

Mvua ilitukuta kwenye mashamba ya chai, mvua ya upande huo isiyopiga hodi. Afande akakumbuka godoro. Kwa maoni yake mali ya mtu haiwezi kulowa mbele ya macho ya askari. Mimi kwa maoni yangu iliweza kabisa. Godoro likaingizwa ndani, likalazwa juu ya viti vya nyuma, nasi watatu tukakaa chini yake tumeinamisha vichwa. Sikuona chai, sikuona mji, sikuona chochote ninachoulizwa na wale wanaosema njia ile ni nzuri sana. Nilimsikia Bwambale tu akimwambia Afande, "Tazama ukungu ule, mzee," na Afande akijibu, "Ndiyo, muzuri sana."

Fort Portal, binti yake Afande hakutaka kusikia habari ya nyumba ya wageni. Alitupikia malakwang, mboga yao ya uchachu wenye karanga, na kalo, ugali wa mtama. Watoto wangu, ambao nyumbani hukataa sukuma wiki kwa machozi, walilamba sahani. Tukalala kwake. Asubuhi Afande aliwapigia saluti wasichana wawili waliosimama wima uani, nao wakaipokea bila kucheka. Kisha akaniambia nipige moyo konde, mbele kuna kilima. Nilimwambia nimeshapanda vilima vingi toka jana nikiwa nimekaa.

Kasese: somo la majina

Sasa kiti cha mbele kilikuwa changu, na nilikusudia kukitumia vizuri. Kasese ni joto la tanuri, milima iko upande wa kulia, lakini mawingu yameikalia na huoni kitu zaidi ya magoti yake. Mwalimu wa Debora alikuwa amewaambia darasani kwamba juu ya milima hiyo kuna barafu, ikweta ikiwa pale chini. Tina hakuhitaji kusikia zaidi. Alikuwa amebeba chupa ya juisi ya kuchanganya na maji, akikusudia kuimwaga juu ya mlima na kuula.

"Theluji iko wapi?" aliuliza.

"Ndani ya mawingu," alisema baba yake.

"Waambie watoke."

Niliona nitumie muda ule kuwafundisha adabu. Wakonzo hawapi watoto majina ovyo. Kila mtoto jina lake limeshamngoja kwa zamu ya kuzaliwa. Mume wangu ni Bwambale kwa sababu ni mvulana wa pili wa mama yake, basi. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, wa tatu ni Kabugho, na kadhalika. Kwetu Bungoma jina hufuata majira: mimi ni Nekesa kwa kuwa nilizaliwa wakati wa mavuno. Wanangu tuliwapa majina ya ubatizo tu, na jambo hilo najua lilimkera mama mkwe. Nilitaka nimfurahishe kabla jicho halijafunga.

"Debora, Nyanya akikuuliza, wewe ni Masika. Tina, wewe ni Biira. Sema."

"Mimi ni Biira," akasema Tina. "Biira anataka theluji."

Nikamgeukia Bwambale nisifiwe. Alikuwa anaangalia barabara kwa bidii ya mtu anayeendesha gari kwa mara ya kwanza.

"Ngoja Mama mwenyewe awaite," akasema.

"Kwani nimekosea? Masika, Biira. Nimeishi na ndugu zako miaka yote hii."

"Hujakosea. Ngoja tu Mama awaite."

Nilinuna. Mtu unajifunza mila za watu, hata ahsante hupati.

Tulivuka ikweta, tukaacha lami, tukafika kwenye mto ambao ulikuwa umekula kipande cha barabara usiku uliotangulia. Vijana walikuwa wanajaza mawe. Bwambale aliombwa asaidie kubeba mawe, na mnajua alijibu nini. Mimi nilishuka mtoni nikaosha sufuria la harusi kwa mchanga, nikiomba bibi harusi asije kusoma masimulizi haya. Saa zilipita. Kila nilipotazama juu, mawingu yalikuwa yameshuka zaidi, nami nikaanza kuogopa kweli kwamba tutafika gizani na yule mama hataona kitu.

Kwa miguu: hapo tu

Barabara inaishia kwenye vibanda vichache na mashine ya kukoboa kahawa. Hapo tuliliacha gari kwa fundi baiskeli. Mizigo ikapanda bodaboda, godoro likiwa limesimama mgongoni mwa dereva, ikapotea kwenye kona.

"Kutoka hapa ni mbali?" nilimuuliza mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika kahawa.

"Hapana, ni hapo tu," akasema, akinyoosha midomo kuelekea mbinguni.

Ndugu zangu, nimekuja kujua kwamba "hapo tu" ya mlimani maana yake ni kwamba mahali hapo panaonekana. Njia ilikuwa nyembamba, ya tope jekundu, imesimama wima. Nilivaa viatu vya kanisani kwa sababu nilitaka mama mkwe anione nadhifu. Bibi vizee wenye mizigo ya kuni walinipita, wakanisalimu, wakanionea huruma kwa lugha nisiyoijua. Debora na Tina waliokotwa na kundi la watoto wa pale, wakapaa nao kama mbuzi. Hata Tina, ambaye Kampala hawezi kwenda dukani bila kubebwa.

Nilianguka. Nikaanguka tena. Bwambale alinipa mkono na akacheka, nami nikamwambia maneno ambayo hayaandikwi. Baridi iliingia. Ukungu ukatufunika mpaka nikawa naona kisigino cha mume wangu tu, nikakifuata kwa hasira. Nilichokuwa nakiwaza ni kimoja: mwanga unakwisha.

Tulifika ukiwa bado upo, kidogo. Nyumba ya udongo na bati, moshi unatoka kila upande, migomba, kahawa, na mlangoni mwanamke mfupi aliyejifunga kitenge mara mbili. Alizoea kuvuka mpaka kununua mawese na vitenge, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha Kongo.

"Mama Masika, mulifika," akaniambia. "Mulichoka sana. Leteni batoto hapa ku mwangaza."

Akashika uso wa Debora kwa mikono miwili, akaugeuza kuelekea mahali jua lilipokuwa limezama, akausogeza mpaka pua zikakaribia kugusana. "Huyu ni Masika. Iko na paji ya baba yake." Kisha akainama kwa Tina, akamshika hivyo hivyo, akamtazama kwa muda mrefu zaidi.

"Na huyu ni Kabugho," akasema.

"Mimi ni Biira," akasema Tina, kama nilivyomfundisha.

Mama mkwe akamgeuza tena kwenye mwanga.

"Huyu ni wa pili, Mama," nikaingilia. "Masika, halafu Biira. Ni wawili tu."

"Kabugho," akarudia taratibu, akampapasa nywele. "Muingie, iko baridi mingi."

Niliingia nikiwa na tope hadi kiunoni na moyo umenishuka. Nilijiambia tumechelewa. Si jicho tu lililokwenda, na hesabu pia imekwenda.

Kwa Mama: hesabu

Asubuhi Bwambale alitakiwa kupeleka godoro kwa yule jirani wa "hapo tu". Mama yake alimwonyesha. Ilikuwa nyumba ng'ambo ya bonde, kwenye mgongo mwingine wa mlima, unaiona vizuri kabisa na huwezi kuifikia kabla jua halijawa kali. Nilimwambia akatae. Alijitwika kichwani akashuka nalo.

Hapo hapo, nikiwa chooni napambana na mlango wa bati, nikasikia kelele uani. Nilipotoka, kila mtu alikuwa anaangalia juu na mawingu yalikuwa yanajifunga. Mlima ulikuwa umejitokeza mzima, na theluji yake, ambayo wao huiita Nzururu, ikang'aa. Debora aliiona. Tina aliiona na kutangaza kwamba ni mbali mno, akainywa juisi yake. Hata mama mkwe aliiona, angalau weupe wake. Nimepanda mlima wote ule, na aliyeikosa ni mimi peke yangu. Msiniulize tena picha ziko wapi.

Kwa hiyo sikuwa na hali nzuri wakati wanawake wa jirani walipoanza kuja kutusalimu. Kila mmoja aliinama kwa mtoto wangu mdogo akamwita Kabugho. Wa kwanza nilimsahihisha kwa tabasamu. Wa pili bila tabasamu. Wa tatu aliponitazama na kisha kumtazama mama mkwe, nilishindwa kujizuia.

"Mama, samahani," nikasema walipoondoka. "Mnanichanganyia mtoto. Nimezaa wawili. Wa pili si Biira?"

Alikuwa anachambua maharagwe. Akaweka ungo chini, akanyoosha mkono nimsaidie kusimama, lakini aliposimama hakuuachia. Akanivuta nyuma ya nyumba, mguu wake ukiijua njia, mpaka kwenye mikahawa. Chini ya mmoja palikuwa pamefyekwa safi. Palikuwa na mawe meupe ya mtoni, madogo, yamepangwa mduara usiozidi upana wa beseni, na maua ya njano yamepandwa katikati.

"Biira iko hapa," akasema.

Nilielewa kabla hajaendelea, na nilitaka asiendelee. Kati ya Debora na Tina nilibeba mimba nyingine. Alizaliwa kabla ya siku zake na hakulia. Mimi nilibaki wodini na homa, sijitambui vizuri, na nilipopata nafuu sikuuliza walimpeleka wapi. Kwetu mtoto asiyepata jina haongelewi. Nilijua alikuwa msichana, basi. Hilo ndilo pengo mnaloniuliza.

"Nilimuambia Bwambale, usiache mutoto yangu kule kwa batu," mama mkwe akasema. "Alimuleta. Alimubeba ku mikono yake, njia yote. Nilimupokea, nikamuita jina yake. Sasa huyu mudogo alikuya nyuma. Nimupe jina gani? Aibe jina ya dada yake?"

Nilikaa kwenye majani yaliyolowa. Nililia kilio ambacho nilikuwa nimekiahirisha miaka mingi kwa kupima mapazia ya watu. Mama mkwe alikaa kando yangu, hakuniambia ninyamaze. Alikuwa anang'oa magugu kati ya yale mawe kwa vidole, moja moja, bila kuhitaji jicho.

Bwambale alirudi jua likiwa limepinduka, magoti yana tope, ameshiba chakula cha yule jirani. Alinikuta bado mikahawani. Alisimama mbali kidogo.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Siku ile wodini ulisema nisikutajie tena jambo hili. Nikakuitikia ndiyo." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Na Mama alisema nimlete nyumbani. Naye nikamwitikia ndiyo."

"Na miaka yote hii?"

"Hukuniambia nianze kutaja."

Nilimkasirikia mpaka jioni, na nilikuwa na haki. Nilikuwa nimekasirishwa na mtu anayebeba masufuria na magodoro ya dunia nzima, na sikuwahi kuwaza kwamba alikwisha kumbeba mtoto wetu peke yake, njia ile ile, kwa basi. Usiku ulipoingia nilimwomba anieleze uso wa mtoto ulikuwaje. Akanieleza. Alikuwa na paji la baba yake, kama Debora.

Siku zilizobaki mama mkwe aliwatazama wajukuu wake kila asubuhi mlangoni, kwenye mwanga, mmoja baada ya mwingine, akitaja majina. Masika. Kisha akinyoosha kidevu kuelekea kahawa, Biira. Kisha Kabugho. Tina hakugombana tena. Aliuliza tu kama Biira anapenda juisi, akaambiwa ndiyo, akapeleka tone lililobaki.

Kushuka

Ni kweli nilishuka kwa makalio. Mvua ilikuwa imenyesha, viatu vya kanisani vilishakufa, na baada ya kuanguka mara kadhaa niliona nisipoteze muda wa kusimama. Debora alicheka mpaka akakaa. Kwenye vibanda tulikuta gari letu limezungukwa na magunia ya kahawa, ndizi, na mbuzi mmoja aliyefungwa kwenye bampa, vyote vya kupeleka Kampala kwa watoto wa watu. Nilimwangalia Bwambale. Kisha nikakaa kiti cha mbele nikamwambia mbuzi akae nyuma.

Tulikawia kwenye mto, tukakawia Kasese, tukakawia Fort Portal ambako Afande alikuwa akitungoja barabarani na mkoba wake. Goti lake likadai mbele. Nikarudi nyuma kwa watoto na mbuzi. Nilikuwa nimechoka hata kunung'unika.

Mubende yule mama wa aproni ya buluu alitukimbilia na karai. "Kalibu nyabo. Baana bameka?"

Redioni walikuwa wanatangaza mbolea. Bwambale akaizima.

"Watatu," nikasema.

Alichungulia ndani, akawaona wawili, akamwona mbuzi. Labda alidhani mwingine amelala chini ya magunia. Akahesabu nyongeza tatu za gonja akaniwekea mkononi, za moto. Niliwapa wasichana zao. Ya tatu nikabaki nimeishika kwenye gazeti, sijui niifanye nini.

Mkono mrefu ulitoka kiti cha mbele. Kabla haujafika, mume wangu aliushika kwa upole akaurudisha.

"Hapana, mzee," Bwambale akasema. "Hiyo ina mwenyewe."